Kipofu wa Ambon na Ufundi wa Kueleza Mmea

Msomaji wa pwani akifungua juzuu ya kwanza ya Herbarium Amboinense hatakosa mwenyeji: kitabu kinaanza na mnazi. Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyeajiriwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, hakuipanga mimea ya kisiwa cha Ambon, huko Maluku, kwa kuhesabu stameni, kama mtaalamu wa mimea Linnaeus alivyokuja kufanya baadaye. Alitanguliza miti inayomlisha mtu, akafuatisha yenye harufu, karafuu na kungumanga zikiwamo, kisha ya mwituni, vichaka, mimea itambaayo na majani, hadi akafika chini ya maji, ambako matumbawe aliyahesabu kuwa miti ya bahari. Leo tunajua kwamba matumbawe ni wanyama. Simlaumu, aliyewahi kuyaona yakitanua matawi kwenye maji maangavu naye angesita.

Wengi hudhani kugundua mmea ni kuukuta. Kuukuta ni kazi ya miguu, na mara nyingi wenyeji walishaukuta zamani, wakaupa jina na kujua unatibu nini. Kazi ya mtaalamu huanza hapo: kuueleza kwa maneno yatakayomwezesha mtu asiyemjua, miaka mia mbili baadaye, aushike mkononi na kusema ni huu, si ule unaofanana nao. Majani yanakabiliana au yanapishana? Ukilichana moja, linatoa utomvu mweupe au halitoi kitu? Ua lina petali ngapi, na ovari imekaa juu yake au chini? Asemaye “jani kubwa” bado hajasema neno. Linazidi kiganja? Lina meno ukingoni? Likifikichwa linanuka nini?

Rumphius aliifanya sehemu kubwa ya kazi hii gizani. Alifika Ambon miaka ya 1650, na mwaka 1670 akapofuka. Tangu hapo alibaki na vidole, pua, ulimi na kumbukumbu, pamoja na macho ya makarani na wachoraji, mwanawe Paulus August akiwa mmoja wao. Kilatini alichoanzia ikabidi akiache kwa kukosa wa kumwandikia, akaanza upya kwa Kiholanzi. Tarehe 17 Februari 1674 tetemeko la ardhi lilimuua mkewe Susanna na binti yao. Mwaka 1687 moto ukateketeza michoro yake, ikachorwa mingine. Mwaka 1692 Wafaransa wakaizamisha meli iliyochukua mswada kwenda Uholanzi. Bahati ni kwamba Gavana Mkuu Camphuys, kule Batavia, alikuwa ameagiza unakiliwe kabla haujasafiri. Nakala ilipofika, kampuni iliikalia. Rumphius alikufa mwaka 1702, na kitabu kikachapwa Amsterdam kati ya 1741 na 1750, juzuu sita, kwa juhudi za Johannes Burman.

Kanuni ya wataalamu ni kali: majina ya mimea huhesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753, na yaliyotangulia hayana haki. Kwa miaka michache tu, majina ya Rumphius yakawa nje ya mlango. Lakini okidi moja nyeupe alikuwa ameiita ua la Susanna, kwa kumkumbuka mwenzake wa kwanza katika kukusanya majani na mitishamba, na jina hilo Linnaeus alilichukua. Jenasi imebadilishwa tangu wakati ule, ila jina la pili halikuguswa: Pecteilis susannae. Namjua mfalme mmoja tu mwenye kaburi lililotunzwa vizuri zaidi ya hapo, na yeye alihitaji mawe mengi.

Ubora wa maelezo hujulikana anapokuja wa kuyajaribu. Mwaka 1913 mtaalamu wa mimea Charles Budd Robinson alikwenda Ambon kuitafuta mimea ya Rumphius palepale alipoandika kuwa inaota. Alikusanya kwa miezi kadhaa, hadi wanakijiji walipomuua Desemba mwaka huohuo. Mikusanyo yake ilimfikia Elmer Merrill huko Manila, ambaye mwaka 1917 alichapisha kitabu cha kulinganisha maelezo yale na majina ya kisasa. Hakuwa na jani hata moja lililokaushwa na Rumphius mwenyewe; alikuwa na maneno na michoro, na kwa sehemu kubwa vilimtosha.

Ufundi huu ulikuwa na mwajiri mchafu, na hilo halifichiki. Ili kushika bei, kampuni ilikata mikarafuu katika visiwa vingine vya Maluku, ikairuhusu Ambon na visiwa jirani tu. Haikufaa kitu mwishowe. Mwaka 1770 miche ya karafuu iliyotoroshwa ilifika Mauritius kwa njama za Mfaransa Pierre Poivre, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikawa imeshika ardhi ya Zanzibar. Karafuu inayoanikwa leo kwenye majamvi Pemba inaitwa kitaalamu Syzygium aromaticum, na nyuma ya jina huandikwa wahusika: Linnaeus ndani ya mabano, kwa kuwa neno la pili ni lake, kisha nje ya mabano Merrill na Lily Perry, walioihamishia jenasi yake ya sasa mwaka 1939. Merrill huyo ni yuleyule wa Manila.