"Kuingia Mara Moja": Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoenea katika miongozo ya ofisi ni "kuingia mara moja", yaani utaratibu ambao mtumishi huthibitisha kuwa ndiye, kisha akafunguliwa programu nyingi bila ya kuulizwa tena. Istilahi hii ina kasoro mbili.

Kwanza, "mara moja" hutaja idadi, na pia hutaja haraka. Mtumishi aliyeagizwa "ingia mara moja" aweza kuikimbilia mashine yake, au kuhofu kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi.

Pili, huficha tofauti za njia za uthibitishaji. Katika Kerberos, iliyobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani miaka ya 1980, mtumiaji hutoa nywila mwanzoni, akapewa tiketi yenye muda maalumu. Programu huipokea tiketi, wala nywila yenyewe haisafirishwi mtandaoni. Katika SAML 2.0 ya mwaka 2005, seva moja humthibitisha mtu, kisha programu hupokea hati iliyotiwa sahihi na seva hiyo. Lakini zipo pia bohari za nywila, ambazo huijazia kila programu nywila yake: hapo mtu huingia mara moja, mashine huingia mara nyingi. Tena, programu ya mishahara yaweza kudai alama ya kidole kwa mtu aliyekwisha kuingia.

Je, tuseme "uthibitisho mmoja"? La, kwani msomaji atadhani nywila pekee yatosha, ilhali mlango mmoja waweza kudai thibitisho mbili. Napendekeza "ingio moja". Neno hili huhesabu mlango, si haraka wala idadi ya thibitisho.

Hapana budi pia kutenga "uthibitishaji" na "idhini". La kwanza huuliza: huyu ni nani? La pili huuliza: aruhusiwe nini? OAuth 2.0 ya mwaka 2012 ni kanuni za idhini. OpenID Connect ya mwaka 2014 ndiyo iliyoongeza uthibitishaji juu yake. Mfasiri aziitaye zote mbili "uthibitishaji" humfanya ofisa aamini kwamba aliyetambuliwa langoni ameruhusiwa hata chumba cha hazina. Kosa hilo ni la lugha, lakini hasara yake itaonekana katika daftari za fedha.