Neno Juu ya Shali za Kashmir

Shali ni neno tulilolipokea kutoka Kiajemi, nalo limekaa kwetu siku nyingi hata hakuna alionaye kuwa geni. Pashmina nalo lina asili ya Kiajemi, maana pashm ni sufu. Walakini neno hili limepatwa na msiba. Siku hizi wachuuzi hulitia juu ya kila kitambaa laini cha shingoni, hata kilichofumwa kwa pamba au kwa nyuzi za kiwandani. Basi twaona yafaa kuuliza: shali njema ya Kashmir hujulikana kwa nini?

Wengi wanaoisifu hutazama kwanza nakshi, wala sisi hatuidharau. Katika shali ziitwazo kani, mfumaji hapitishi mshindio mmoja toka ukingo hata ukingo, bali kila rangi ina kijiti chake. Naye hufuata alama zilizoandikwa, ziitwazo talim, neno lile lile la Kiarabu lililotupa taalimu. Shali moja ya namna hii huchukua miezi mingi. Walakini nakshi huigwa. Katika karne ya 19 mji wa Paisley, huko Scotland, ulifuma mifano yake kwa mitambo ya Jacquard. Na umbo lile la tone lililopinda kichwa, ambalo wanawake wa pwani yetu hulijua katika kanga kwa jina la korosho, Waingereza wakaliita kwa jina la mji huo, kana kwamba lilizaliwa pale.

Wengine husifu rangi. William Moorcroft, Mwingereza aliyekaa Kashmir mwaka 1822 na 1823, aliandika ya kuwa wapaka rangi wa huko walitumia rangi 64, nili ikitoa buluu na zafarani ikitoa manjano. Lakini rangi nazo hubadilishwa. Mwaka 1856 Perkin alipata rangi ya zambarau kwa kemia, na rangi za namna hiyo zikaenea duniani, hata Kashmir.

Uzi ndio mgumu kuigwa. Sufu yake ni manyoya ya chini ya mbuzi wa nyanda za juu za Ladakh, ambako baridi ni kali mno. Huchanwa baridi inapokwisha. Unywele wa mtu huupita unyoya huo kwa unene mara nne au zaidi. Wanawake wa Kashmir huusokota nyumbani, kwa gurudumu na vidole. Mashine haiuwezi kwa urahisi: mara nyingi viwandani huchanganya sufu na nailoni ili uzi usikatike, kisha nailoni huyeyushwa kwa tindikali, na sufu yenyewe hudhoofika.

Hapa ndipo ilipo lawama yetu. Mfumaji husifiwa, mwuzaji hutajirika, na msokotaji husahauliwa. Kwa miaka mingi mwanzoni mwa karne hii alilipwa rupia moja kwa fundo la nyuzi kumi, hali shali ikiuzwa kwa maelfu ya rupia. Si ajabu wengi wakaliacha gurudumu. Mwaka 2008 jina la Pashmina ya Kashmir liliandikishwa nchini India, lihifadhiwe kwa kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono. Jambo hili ni jema. Lakini jina likilindwa na mkono usilindwe, litabaki jina tupu.

Wazee wetu walinena: Vyaelea, vimeundwa. Nao husema hivyo juu ya chombo, ambacho fundi wake hujulikana. Basi mnunuzi aishikapo shali asitosheke kusifu nakshi na rangi, wala kuuliza ni nani aliyeifuma. Na aulize pia ni nani aliyesokota uzi wake, na alipewa nini. Mwuzaji asiyeweza kujibu, hata shali yake ikiwa nzuri, hajui auzacho.