Salim Ahmed Salim na kura 11 zisizotosha

Mtanzania Salim Ahmed Salim alikuwa na miaka 22 alipopewa ubalozi wa kwanza, Cairo, mwaka 1964. Pa kuchambua zaidi katika kazi yake ni 1981, alipowania ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akashindwa bila kupungukiwa kura.

Baraza la Usalama lina wajumbe 15. Mgombea anahitaji kura tisa, na asikataliwe kwa kura ya turufu na hata mmoja wa wakubwa watano wenye viti vya kudumu; mkubwa akijizuia, hamdhuru. Duru ya kwanza, mwishoni mwa Oktoba, Salim alipata 11, na Kurt Waldheim, aliyetaka muhula wa tatu, 10. Marekani ikamkataa Salim, China ikamkataa Waldheim. Duru 16 hazikubadili kitu.

Marekani ilikuwa na kinyongo cha tangu 25 Oktoba 1971, Beijing iliporudishiwa kiti kwa kura 76 dhidi ya 35 na Watanzania, Salim akiwemo, wakashangilia ukumbini. Balozi wa Marekani siku ile, George Bush, 1981 alikuwa makamu wa rais. Sidhani shangwe peke yake ilitosha: Salim aliongoza kamati ya kuondoa ukoloni kwa miaka mingi, na hilo nalo halikusahaulika Washington.

Turufu ya China dhidi ya Waldheim ndiyo iliyomweka Salim hai, na ndiyo iliyowafanya Wamarekani wazidi kukaza. Nani aanze kulegeza?

Desemba zamu ya uenyekiti ikamfikia Olara Otunnu wa Uganda, kijana wa miaka 31. Badala ya kuitisha duru nyingine ya aina ileile, aliwaomba wagombea wote wawili wakae kando, kisha akapima upepo kwa kura zisizo rasmi. Wazee wanaopatanisha wakulima na wafugaji wangemwelewa upesi: aliyekataa mbele za watu humwambii akubali mbele za watu. Tarehe 11, Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita.

Salim akawa waziri mkuu wa Tanzania, kisha 1989 akawa katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), ambako turufu haikuwepo, akadumu hadi 2001. Kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu. 2005 aliomba kugombea urais kupitia CCM, Kikwete akampiku, na Umoja wa Afrika ukamkabidhi usuluhishi wa Darfur. Kule Abuja, Mei 2006, serikali ya Sudan ilitia saini pamoja na kundi la waasi la Minni Minnawi. Waasi wengine, wa Abdul Wahid na wa JEM, wakagoma, na vita vikaendelea.