Vitandiko vya Sahani vya Karatasi: Kazi ya Maji na Nyuzi

Wengi wanaoanza kutengeneza vitandiko vya sahani kwa karatasi kuukuu hudhani kwamba kinachoishikamanisha rojo ya karatasi iliyolowekwa na kutwangwa ni gundi, na kwa dhana hiyo humimina wanga kwa wingi. Ilhali hakika ya mambo ni kwamba nyuzi za mti zilizomo karatasini, zikiisha kulowa na kulainika, hushikana zenyewe kwa zenyewe kadiri maji yanavyoondoka baina yao. Kila hatua ya kazi hii haina budi kupimwa kwa kanuni hiyo.

Karatasi moja ya A4 ya ofisini ina uzito wa takriban gramu 5. Basi kitandiko cha sentimita 42 kwa 30, kikitakiwa uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, kitahitaji karatasi 8. Gazeti lisizidi sehemu ndogo, kwani nyuzi zake aghalabu ni fupi, na jua hulipiga likawa manjano upesi.

Familia ikiifanya kazi hii pamoja, watoto hupewa kurarua karatasi, wala si kukata kwa mkasi, maana mkasi hukatiza nyuzi, hali kurarua huziachanisha zikabaki na urefu wake. Vipande vikiisha kulala majini usiku kucha, mtu mzima huvitwanga kinuni, si kwa ajili ya kuvisaga tu, bali ili kila uzi uchambuke ncha na ubavu, upate mahali pengi zaidi pa kushikana na mwenziwe. Kisha rojo hukorogwa katika beseni la maji, na kiunzi cha mbao kilichowambwa wavu wa mbu huzamishwa, huinuliwa sawasawa, na kutikiswa kidogo huku na huku kabla maji hayajachuja, ili nyuzi zipishane badala ya kulala upande mmoja.

Panapoharibika kazi za wengi ni hapa: karatasi hutolewa kiunzini na kuanikwa juani papo hapo, kingo zikakauka mbele ya katikati, zikajikunja. Iliyo sahihi ni kuipindua juu ya kitambaa, kuifunika kwa kingine, kuigandamiza kwa ubao na mawe hata maji yakome kutiririka, kisha kuikausha kivulini chini ya uzito, vitambaa vikibadilishwa kila vinapolowa.

Imebaki hukumu ya mwisho, nayo ni ya familia yenyewe. Maji yaliyokijenga kitandiko ndiyo yawezayo kukibomoa, kwa hiyo wako wanaokipaka nta ya nyuki na kuiyeyusha kwa pasi ya moto mdogo; hicho hustahimili mchuzi uliomwagika, illa kikichakaa hakirudi tena kuwa rojo njema. Kisichopakwa nta hudumu muda mchache, lakini huraruliwa na kutwangwa upya, ijapokuwa nyuzi hupungua urefu kila mara, na yafaa kuzichanganya na za karatasi mpya. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, ambao faida yao kubwa ni kuirudia kazi, hicho cha pili ndicho kilicho bora.