Tulale wapi kati ya Bukavu na Goma?

Mdogo wangu mmoja wa fakilte anajiandaa kwenda Goma na wenzake wanne, kwa njia ya ng'ambo, ile ya Rwanda. Akaniuliza: « Yaya, weye unaijuaka ile njia. Tulale wapi? Bote banasemaka Gisenyi njo iko muzuri. » Nikamjibu bila kufikiri: laleni Kibuye. Hakuridhika, alitaka sababu. Kumbe sababu zangu nyingi ni ugomvi wangu na vitabu vya wasafiri, pamoja na zile video fupi ambazo sisi wote tunaziangalia usiku badala ya kusoma. Njo maana ninaandika.

Kwa asiyeijua: unavuka Ruzizi, unaingia Cyangugu, unapanda kaskazini kupitia Nyamasheke, unafika Karongi (wengi wetu bado tunasema Kibuye), halafu Rutsiro, mpaka Gisenyi, mlangoni mwa Goma. Ni zaidi ya kilometa 200, lami tupu, kona hazihesabiki. Kwa bisi unaweza kuimaliza kwa siku moja, mgongo ukikubali. Lakini anayetaka kuona ziwa, si kulipita tu, lazima alale mahali. Na hapo karibu miongozo yote niliyosoma inatumia kipimo kimoja: dirisha la chumba linaangalia nini.

Mimi pia napenda dirisha. Agosti 2019 nilitii ushauri wao. Ilikuwa wakati wa Ebola, mpakani tunanawa mikono na kupimwa joto. Mwongozo ulisema njoo kiangazi, barabara ni kavu. Kweli ilikuwa kavu. Kitu ambacho haukusema ni kwamba mwezi ule moshi wa mashamba na vumbi vinafunika ziwa. Nililipa chumba cha kuangalia maji, Gisenyi, beyi karibu mara mbili ya kile cha nyuma. Asubuhi nikafungua pazia: weupe, kama maji ya kuoshea mchele. Hata mtumbwi sikuuona. Desemba ni kinyume. Mvua ikishanyesha mchana, hewa inakuwa safi, unaona Idjwi mpaka mipaka ya mashamba yake. Utalowa, ndiyo. Lakini kama umelipia kuona, basi uone.

Gisenyi sina ubaya nayo: kuna mchanga, kuna muziki, bia ni baridi. Ila ni mwisho wa njia. Mtu wa kwetu akilala Gisenyi ni kama amelala kwenye ngazi ya nyumba ya ndugu yake. Kama una shangazi Goma, vuka ukale fufu. Nyamasheke nayo iko karibu mno na Bukavu, safari haijaanza. Pita.

Kibuye iko katikati, masaa matatu hivi kutoka kila upande. Fika mbele ya saa kumi, uweke valizi, ushuke kwenye maji. Giza likianza kuingia, wavuvi wa sambaza wanatoka: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, wanapiga kasia kwa wimbo. Wakifika mbali wanawasha taa, maana sambaza wanafuata mwanga. (Hao samaki wenyewe ni wageni, waliletwa toka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani anakumbuka?) Kwa hiyo angalia mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa zao hazina nguvu, na wengi hawatoki. Hicho ni kitu ambacho msafiri angepaswa kuambiwa kabla ya kuambiwa unene wa godoro.

Sasa kanisa. Juu ya rasi moja kuna kanisa la mawe. Miongozo niliyosoma inalitaja kwa mstari mmoja, kati ya beyi ya boti na popo wa kisiwa cha Napoléon. Aprili 1994, maelfu ya Watutsi waliokimbilia ndani yake waliuawa humo, na siku iliyofuata maelfu wengine kwenye uwanja wa mpira wa Gatwaro. Aliyekuwa mkuu wa mkoa, Clément Kayishema, alihukumiwa kifungo cha maisha kule Arusha mwaka 1999. Watu bado wanasali mle. Mimi nililala karibu yake, Desemba 2023, katika nyumba ya wageni ya beyi ndogo, kengele ikaniamsha. Nilijiuliza kama ni haki kukaa pale, kula sambaza na limau, kuangalia maji. Sikupata jibu, na nilikula. Lakini mwandishi anayeniuzia « utulivu » wa rasi ile bila kuniambia ninalala wapi, huyo hajafanya kazi yake.

Jioni ile, kwenye baraza, watalii walikuwa wanapiga picha. Jua linazama upande wetu, nyuma ya Idjwi. Kijana wa hoteli akawaambia: ile ni milima ya Congo. Wakasema nzuri sana. Na kweli ilikuwa nzuri, rangi ya zambarau. Mimi nilikuwa nahesabu. Nyuma ya Idjwi ni Kalehe. Miezi saba mbele yake, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei, mvua iliua watu zaidi ya 130 kwenye milima ya Rwanda, wengi upande huu huu wa magharibi. Tarehe 4 maji na mawe yakashuka Bushushu na Nyamukubi, kwetu, zaidi ya 400 wakafa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mwenzetu mmoja wa promosheni ni mtoto wa pale. Alirudi kwenye masomo na viatu vya kuazima, na hakuna aliyejua amuulize nini.

Sikuwaambia wale watalii. Ningeanzia wapi? Kosa si lao, wamepewa mlima usio na majina. Video zote za njia ile ziko hivyo: sisi ni ukuta wa nyuma, tumepakwa rangi ili jua lizame vizuri.

Ila na sisi tumeandika nini? Njia ya upande wetu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova, Sake, nayo inafuata ziwa lile lile. Nimelala Minova mara moja, si kwa kupenda, mvua ilikuwa imekata barabara. Mama mmoja alitupatia mkeka na maharagi, akakataa pesa ya mkeka, akachukua ya maharagi. Usiku tulikaa mlangoni, ng'ambo taa zimepangwa mlimani. Akasema: « Kule njo Rwanda, iko mwangaza usiku muzima. » Kwake na wao walikuwa mandhari. Usiku ule hauko katika mwongozo wowote. Hata mimi nimechukua miaka kuuandika, na ni sentensi hizi tu.

Basi nilimwandikia mdogo wangu: uliza kwanza habari za mpaka na usalama, juu zinabadilika kila juma. Ngojeni Desemba, usiku usio na mwezi. Laleni Kibuye, chumba cha nyuma kinatosha, baraza ni ya wote. Asubuhi mwende kanisani mbele ya boti. Jioni, mtu akisema « milima ya Congo », mumtajie vijiji.

Akajibu: « Sawa, Yaya. Na beyi? »

Nikamwambia wachange wawili wawili kwa chumba, na wachunguze dola zao vizuri. Noti ya zamani kule hawaipokei, na yenye kitobo hata huku wataikataa.