Waziri anguruma, sisi tumesikia nini?

Chukua gazeti la Kiswahili linalotufikia hapa Nyarugusu, siku ambayo mkubwa fulani amefanya mkutano. Kichwa cha habari kitakuambia: "Waziri anguruma." Na sisi vijana tumekipenda hicho kitenzi. Kwenye midahalo yetu mtu akishuka jukwaani anasifiwa, "Leo umenguruma, kaka!"

Mimi nina ugomvi nacho.

Kunguruma ni kwa simba na radi. Ni sauti tu, neno halimo. Linganisha na vitenzi vingine. Kuhutubia, ndugu wa hotuba, kunadai watu: unahutubia taifa, unahutubia wakimbizi. Kuhubiri kuna ukoo mmoja na habari, kwa hiyo mhubiri lazima awe na la kutupasha. Kunguruma hakudai kitu. Waziri anguruma Kigoma, basi. Aliyesikiliza hatajwi, kilichosemwa hakitajwi. Na ukimwingiza msikilizaji, kitenzi kinageuka: simba alimngurumia mbwa. Hapo ni tisho.

Tena soma habari yenyewe. Yule aliyenguruma kwa herufi kubwa, huku chini "alisema", "alieleza", "alibainisha". Kumbe alikuwa anaongea tu! Mhariri ndiye aliyemvisha ngozi ya simba ili gazeti liuzike.

Mtaniambia: acha bwana, hiyo ni tamathali ya usemi. Sawa, lugha bila tamathali ni ugali bila mboga. Kiongozi akidai maji ya watu wake kwa ukali, angurume, simzuii. Shida ni pale sauti inapokuwa ndiyo kipimo. Kwenye vikundi vya vijana ninavyosimamia, msichana anayepanga hoja tatu kwa sauti ya chini anapata makofi mawili matatu. Anayepasua spika bila hoja anabebwa mabegani. Sasa siku ya mkutano wa kuzungumzia kurudi nyumbani au kubaki, nani atasikilizwa?

Na sisi watu wa Kivu na Burundi tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Wengi wa wazazi wetu, kabla ya kusikia risasi, walisikia kwanza watu wakinguruma.

Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Basi mdahalo ujao, mwenzako akishuka jukwaani, usimwambie amenguruma. Mrudishie alichosema. Ukikosa cha kumrudishia, hukumu yake umeshaitoa.