Pongezi kwa mafundi wa Kisekka

Toyota Celica GT-Four, ndugu ya zile zilizotamba Safari Rally mwaka 1990, bado inaonekana mara mojamoja Kampala. Ikianza kukohoa na kutoa moshi mweusi, mwenyewe huishia soko la Kisekka, katikati ya plagi, pampu na vyuma vikuukuu.

Mashine za kisasa za kupimia magari nyingi haziisomi. Fundi huchukua kipande cha waya, huunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, huwasha swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu. Taa ya injini kwenye dashibodi ikimemeta mara mbili, ikatulia, ikamemeta tena mara mbili, hiyo ni kodi 22: kihisi cha joto la maji. Hapo kompyuta inakadiria tu joto la injini, ndiyo maana gari linagoma asubuhi.

Taa isiposema kitu, kazi ndiyo kwanza inaanza. Fundi hugusisha ncha ya bisibisi kwenye nozeli, mpini sikioni, asikie kama inagonga. Hupima presha ya petroli, huchungulia chujio, hutafuta ufa kwenye mpira wa hewa, husugua waya wa ethi wenye kutu. Nozeli huzitoa na kulinganisha unyunyizaji wake, mikono ikilowa petroli inayochoma kila mchubuko. Mwenye pupa angeshabadilisha pampu nzima.

Wateja wengi hulipia kipuri, kisha hubishania ujira: “Si umekaza nati moja tu?” Tafadhali, mlipe na muda aliotumia kuitafuta.